Stika Niliyoibandua kwa Kikombe cha Chai

Mliniacha nimepiga magoti chini ya meza ya mzee wa watu, nimeshika vipande viwili vya kitu ambacho asubuhi ile kilikuwa kimoja.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nitamsimulia kwa pumzi moja, maana mbele kuna makubwa.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Baada ya kufukuzwa hospitalini kwa ule mkasa wa printa, nilifungua chumba cha kazi kati ya kinyozi na bucha. Siku moja akaingia buchani dada mmoja mwenye jaketi la kazi na sanduku la mawe ya kupimia. Akaipima mizani, akaikuta inaiba gramu arobaini kwa kila kilo, akaifunga kwa waya na muhuri wa risasi. Jirani yangu alilia. Mimi nilipenda. Tangu siku hiyo namwita Mkaguzi, na miezi minane baadaye akanipeleka kwao.

Baba yake ni dereva wa treni mstaafu. Miaka thelathini na mmoja kwenye reli. Mtaa mzima unamwita Mzee Ratiba, kwa sababu hata chai yake ina saa ya kuondoka. Tangu astaafu anaendesha treni kwenye kompyuta: gemu lenye reli, mabehewa, mvua na abiria wanaonung'unika. Kompyuta yenyewe ni ya nguvu, lakini diski yake ilikuwa ya kizamani, ile yenye sahani inayozunguka na kukoroma. Gemu lilichukua dakika mbili na sekunde kumi na moja kufunguka. Yeye alikuwa akizihesabu kama mtu anayehesabu meno yake yaliyong'oka.

Basi akanipa mtihani wa ukwe.

"Kuna diski za bei rahisi na kuna za bei kali," akasema. "Nichagulie, na unieleze kwa nini. Ukikimbilia rahisi nitajua wewe ni bahili. Ukikimbilia ghali bila sababu nitajua ni mfujaji. Binti yangu simwozi bahili, na mfujaji simwozi vilevile."

Nikamweleza kweli tupu. Kwamba kwa mchezaji wa gemu, diski ya kati na ya bei kali hupishana sekunde chache tu. Kwamba zile rahisi zisizo na jina ni kama mpagazi mwenye sifa: gunia la kwanza anakimbia, la pili anakimbia, la kumi anakaa chini na gunia lako kichwani. Zikifa haziagi. Ile ya bei kali ina dhamana ya miaka mitano na haichoki ovyo.

Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu leo. Lakini mdomo huponza kichwa. Nikaongeza: "Hii, baba, haifi."

Akanunua hiyo. Nikaja kuifunga. Nikasikia *tak*.

Sasa tuendelee.

"Fundi!" Mzee Ratiba aliita kutoka chumbani, alikokuwa akilipiga pasi shati lake la zamani la kazi. "Zimebaki dakika ngapi?"

"Sitini, baba!"

"Hamsini na nane," akanisahihisha.

Diski hizi mpya, mafundi tunaziita SSD, si sanduku kama zile za zamani. Ni kibao tu, urefu wa kidole cha kati, wembamba wa biskuti. Unakichomeka kwa mshazari, unakilaza taratibu, unakifunga kwa skrubu moja ndogo kama punje ya mtama. Mimi sikukilaza. Nilikiegemea kwa kiwiko, kwa sababu nilikuwa naitafuta hiyo skrubu.

Kilivunjika shingoni, pale penye meno. Stika yake nyeusi yenye maandishi ya dhahabu ikabaki nzima, inang'aa, kama maiti aliyevishwa suti.

Na ndani ya mkoba wangu mlikuwa na ndugu yake wa mbali. Kibao cha ukubwa uleule, hakina jina, hakina kwao. Nilipewa bure na muuzaji wa jumla kama asante. Nilikuwa nakitumia kujaribia mashine tu. Hata adui yangu nisingemfungia.

Nikatazama stika. Nikatazama kibao. Shetani kwa kawaida hutembea, lakini siku hiyo alikuja mbio.

Gundi ya stika hulainika kwa joto. Sikuwa na cha kuipashia ila kikombe cha chai alichoniletea Shangazi, dada mkubwa wa Mzee Ratiba, anayeishi naye na kumkosoa. Nikakilaza kile kipande ubavuni mwa kikombe, nikaanza kuhesabu hadi sitini.

Nilifika arobaini na tatu.

"Unafanya nini wewe?"

Shangazi alikuwa mlangoni na sahani ya biskuti.

"Naipasha, shangazi."

"Unaipasha?"

"Hizi za bei kali zinatoka kiwandani na baridi. Ukizifunga hivyohivyo zinapata mshtuko."

Shangazi akakitazama kile kipande kwa huruma kama mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake.

"Maskini," akasema. Akaniongezea chai.

Stika ikabanduka kama ganda la ndizi. Nikaibandika juu ya kibao kisicho na kwao. Kona moja ikakataa kulala. Nikaibonyeza kwa kidole gumba hadi ukucha ukaniuma. Nikakichomeka, nikakilaza kwa adabu zote, nikakifunga. Ile ya bei kali nikaitia ndani ya soksi yangu, kwa sababu mifuko ya suruali ilikuwa ya kubana.

Nilinakili kila kitu kutoka diski ya zamani, nikaitoa, na saa nne kamili Mzee Ratiba akatoka chumbani. Shati limenyooka, kofia ya udereva kichwani, saa ya kupimia mwendo imening'inia shingoni. Nyuma yake Mkaguzi, nyuma ya Mkaguzi Shangazi.

"Ondoa treni," akaniamuru.

Nikabonyeza. Yeye naye akabonyeza saa yake.

Unaujua ujanja wa gunia la kwanza? Kile kibao kilikimbia kama kimeona pepo. Treni ikatokea kwenye kioo, ikafuka moshi, ikapiga honi.

"Kumi na tisa," akasema Mzee Ratiba. Akavua kofia. "Sekunde kumi na tisa."

Treni ikaingia stesheni ya kwanza. Na kwenye spika ikaja sauti ya mwanamke, laini, yenye kicheko kilichojificha kwa mbali: "Abiria wa mwisho wa reli, treni yenu inaingia jukwaa la pili. Tafadhali simameni nyuma ya mstari mweupe. Na wewe mwenye kikapu, rudi nyuma kidogo."

"Loo!" nikasema kwa furaha. "Gemu hili wamelitafutia mtangazaji haswa!"

Hakuna aliyecheka. Shangazi alitazama dari.

"Ni mama," Mkaguzi akasema.

Ndipo nikaambiwa. Marehemu mke wa Mzee Ratiba alikuwa mtangazaji wa stesheni miaka ishirini na minne. Baada ya kufariki, mzee alizikuta kanda zake, akazitia kwenye kompyuta, na moja baada ya moja akazipachika kwenye stesheni za gemu lake. Kanda zenyewe zilishaoza. Zilizobaki ni zile sauti mia mbili na sita, na sasa zote zilikuwa ndani ya kibao changu cha bure.

"Baba," nikasema, na ulimi ulikuwa mzito kama chuma cha pasi, "vitu kama hivi ni vizuri kuviweka sehemu mbili."

"Kwa nini? Ulisema haifi."

Akaniwekea mkono begani.

"Mkwe wangu," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Na ndani ya soksi, ile ya bei kali ikanichoma kisigino.

Siku ya tano simu ikalia.

"Fundi. Sekunde ishirini na saba."

"Ni vumbi, baba."

Siku ya tisa.

"Fundi. Arobaini."

"Ni hili joto la wiki hii, baba."

Nyuma yake nilimsikia Shangazi: "Mwambie labda imepoa! Aje aipashe!"

Siku ya kumi na mbili.

"Fundi, treni yangu imesimama darajani dakika tatu. Ina abiria mia mbili."

"Lakini baba, hao abiria si wa kweli."

"Kuchelewa ni kwa kweli," akasema, akakata simu.

Kumbe alikuwa ameongeza reli arobaini za nchi za mbali, pamoja na milima, misitu na theluji yake. Mpagazi wangu alikuwa amefika gunia la kumi.

Kila simu ilipokatika nilisikia ile sauti ikimwambia mwenye kikapu arudi nyuma. Diski ya zamani nilidhani ilishatupwa. Siku hiyohiyo nikauza kioo changu kikubwa cha kompyuta, nikanunua diski ileile ya bei kali, mpya, na stika yake ya dhahabu. Mpango ukawa huu: Alhamisi Mzee Ratiba anakwenda kliniki ya macho. Anatoka saa tatu asubuhi, anarudi saa sita, na kwa jinsi ninavyomfahamu ni saa sita kweli. Ndani ya masaa hayo matatu ningenakili kila kitu, ningebadilisha vibao, na dhambi yangu ningeitupa kwenye pipa la taka.

Saa tatu na dakika tano nilikuwa mlangoni.

"Umekuja kuipasha?" Shangazi akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

Akaenda kuweka maji jikoni bila kuambiwa.

Nikafungua kompyuta, nikaichomeka ile mpya pembeni, nikaamuru inakili. Kwenye kioo pakaandikwa: zimebaki dakika kumi na nne. Nikatabasamu. Nikanyoosha miguu.

Zimebaki dakika arobaini.

Nikakunja miguu.

Zimebaki masaa mawili. Kisha, baada ya kufikiri sana, ikaandika masaa tisa. Si saa tisa, wasomaji wangu. Masaa tisa.

Nikakigusa kile kibao, kikaniunguza kidole. Nikalisogeza feni la Shangazi. Nikakipepea kwa gazeti. Nikakibembeleza kwa maneno ambayo hata Mkaguzi sijawahi kumwambia.

"Unaongea na nani?"

Mkaguzi alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa na mapumziko siku hiyo, na mimi, kwa akili zangu hizi, sikuwa nimeuliza.

"Na kompyuta," nikasema. "Namsaidia baba. Inahitaji... huduma."

Akainama. Ninyi hamjamwona Mkaguzi akiinama. Mwenye bucha alimwona. Akakitazama kibao kilicho ndani ya mashine, akakitazama kilicho pembeni. Akanyoosha ukucha, akaigusa ile kona.

"Mbona stika ya hiki imesimama?"

"Ni joto."

"Hii imebandikwa mara mbili," akasema polepole. "Gundi yake imechoka, haishiki. Wenye mizani wakibandua stika ya ukaguzi na kuihamishia mzani mwingine, kona husimama hivihivi."

Nilitafuta uongo. Nilikuwa nao wa vumbi na wa joto, na wote nilishautumia.

"Nimekosa," nikasema.

Nikamweleza. Kiwiko, *tak*, chai, stika. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Na ile iliyovunjika iko wapi?"

"Kwenye soksi."

"Soksi gani?"

"Ya siku ile. Iko nyumbani. Sijaifua."

Akakaa kitini.

"Siku ile mwenye bucha aliniambia chuma kimelegea chenyewe," akasema. "Angesema nimekosa, ningempa onyo nikaondoka. Wewe siku kumi na tatu unasema vumbi. Na ni sauti ya mama yangu."

Heri angenipiga. Kofi lina mwisho wake.

"Nilikuwa nataka kurekebisha kabla hajajua," nikasema.

"Hicho ndicho wanachosema wote." Akakisogeza kiti chake karibu na kioo. "Zimebaki ngapi?"

"Masaa tisa."

"Unanakili nini?"

"Kila kitu. Reli, milima, theluji..."

"Acha reli. Acha theluji," akasema Mkaguzi. "Reli zinapakuliwa tena. Mama hapakuliwi."

Mimi fundi, miaka kumi na miwili kazini, sikuwa nimeliwaza hilo. Nikasimamisha kila kitu, nikachagua zile sauti peke yake. Zikaanza kupita moja moja, kwa kujivuta, kama watu wanaotoka kwenye mlango mwembamba. Hamsini. Mia. Shangazi akaleta chai, akaona nyuso zetu, akaiweka chini akaondoka bila neno, jambo ambalo halijawahi kutokea katika nyumba ile.

Saa sita kasorobo zilikuwa zimepita mia mbili na tano.

Ya mia mbili na sita ikakataa. Nikajaribu tena, ikakataa. Tena, ikakataa. Jina lake lilikuwa neno moja: *Mwisho*.

"Hii ni ya stesheni gani?" nikauliza.

Mkaguzi alikuwa ameweka mkono mdomoni. "Si ya stesheni. Sijawahi kuisikia. Aliirekodi wiki ya mwisho, akamwambia baba asikilize siku atakayokuwa tayari."

"Na baba alisemaje?"

Mlango wa nje ukafunguka. Sikuhitaji kutazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita.

Mzee Ratiba aliingia na kofia yake kichwani, macho yamelowa dawa ya kliniki, ameshikwa mkono na rafiki yake wa reli, mzee mnene, mpole, mwenye kutembea kama anaomba radhi kwa sakafu. Huyu alikuwa mtu wa ishara: ndiye aliyekuwa akiwasha taa nyekundu na kijani za treni stesheni kuu. Wanamwita Mzee Ishara.

"Ahaa! Mkwe wangu yupo!" Mzee Ratiba akasema. "Ishara, ndiye huyu. Ishara naye anataka diski ya kompyuta yake, lakini anaililia ile ya bei rahisi. Hebu mweleze kwa nini asinunue ya bei rahisi."

Nikamtazama Mkaguzi. Alikuwa amekunja mikono, kama anavyokunja mbele ya mizani kabla hajaweka jiwe.

Nikasimama.

"Asinunue, baba, kwa sababu ya bei rahisi ndiyo iliyo humu ndani."

Nikayasema yote, mbele ya watu wanne. Sikuruka hata soksi. Nilipofika kwenye kikombe, Shangazi, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, akashusha beseni alilokuwa amelishika.

"Kwa hiyo haikuwa na baridi?"

"Haikuwa, shangazi."

"Nimeshawaambia wenzangu wote! Mmoja wao ameichemsha ya mjukuu wake!"

Mungu amsaidie yule mjukuu.

Mzee Ratiba hakupandisha sauti. Aliketi, akatoa kijitabu kwenye mfuko wa shati, akakisogeza karibu na macho yake yenye dawa.

"Siku ya kwanza, kumi na tisa," akasoma. "Siku ya tano, ishirini na saba. Siku ya tisa, arobaini. Siku ya kumi na mbili, darajani. Uliniambia mwenyewe jinsi za bei rahisi zinavyochoka, gunia kwa gunia. Unadhani nilikuwa nasinzia?"

"Ulijua, baba?"

"Tangu siku ya tano. Kona ya stika niliiona siku ya sita." Akafunga kijitabu. "Nikakupa siku kumi na nne uje mwenyewe. Leo ya kumi na tatu. Umewahi kwa siku moja."

Nikaanza kumshukuru. Mkaguzi hakulegea.

"Wewe umempa siku zake, baba," akasema. "Mimi bado sijampima upya. Mzani wa uongo tunaufunga kwanza."

"Ni haki yako, mama," akasema Mzee Ratiba. Kisha akanigeukia. "Na usidhani niliiacha sauti ya mke wangu mikononi mwako tu. Dereva hasafiri na breki moja. Ile diski ya zamani ilipotoka, nilimpa Ishara anitunzie, na sauti zote ndani yake."

Nilitaka kumbusu. Nilitaka kuwabusu wote wawili. Nikamgeukia Mzee Ishara, naye alikuwa anaitazama ncha ya kiatu chake.

"Ishara," akaita Mzee Ratiba.

"Ulisema niitunze," Mzee Ishara akasema. "Hukusema isitumike."

"Umeweka nini?"

"Mieleka."

"Kiasi gani?"

"Misimu kumi na mmoja."

Shangazi akakaa juu ya beseni.

"Baba," Mkaguzi akasema haraka, "mia mbili na tano ziko salama, tumezinakili asubuhi hii. Imebaki moja tu inayokataa."

"Ipi?"

Akakisogelea kioo. Akalisoma lile jina mwenyewe.

"Miaka sita," akasema. "Nilikuwa sina haraka nayo." Akanigeukia. "Fundi. Hicho kibao chako kina dakika ngapi za kuishi?"

"Sijui, baba. Kinaweza kuwepo sasa, kisiwepo baadaye kidogo. Kila nikijaribu kunakili kinaishiwa nguvu palepale. Kuna sehemu imeharibika katikati."

"Na nikisikiliza moja kwa moja?"

"Utasikia mpaka itakapofika hapo palipoharibika. Labda itapita. Labda haitapita, na labda ndiyo itakuwa mara ya mwisho kusomeka."

Ilikuwa kweli ya pili niliyomwambia siku hiyo, na ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

Akamtazama binti yake. Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimshuka, akaja akasimama upande wangu. Si kwa ajili yangu. Spika zilikuwa upande wangu. Lakini alisimama.

"Icheze," akasema Mzee Ratiba.

Nikabonyeza.

Kwanza mkwaruzo. Kisha pumzi. Kisha ile sauti, imechoka, lakini kicheko chake kipo palepale.

"Mume wangu. Najua umevaa kofia. Ivue, tuongee."

Mzee Ratiba akavua kofia.

"Sina mengi. Mtoto asome, wifi asikuonee, na wewe ujifunze kula taratibu. Lakini kuna jambo moja nimelibeba miaka mingi na siwezi kwenda nalo. Ni habari ya zile dakika tisa."

Hata mimi nilikuwa nimeshasimuliwa habari za dakika tisa. Hakuna anayeingia katika nyumba ile bila kusimuliwa. Katika miaka thelathini na mmoja, Mzee Ratiba alichelewa mara moja tu. Aliwekewa taa nyekundu nje ya stesheni kuu, dakika tisa, bila sababu, bila maelezo. Kwa dakika hizo alinyang'anywa treni ya abiria, akapewa ya mizigo mpaka siku aliyostaafu. Ameuliza kila mkubwa wa reli kwa nini taa ile ilikuwa nyekundu. Hakuna aliyewahi kumjibu.

"Usimkasirikie Ishara," sauti ikasema. "Alikataa mara tatu. Mimi ndiye niliyemwomba akuzuie, tena kwa kulia, kwa sababu siku ile kwenye jukwaa la pili, akikusubiri wewe, alikuwa amesimama..."

Sauti ikakatika.

Duara dogo likaanza kuzunguka kwenye kioo. Likazunguka. Likazunguka. Ndani ya mashine kile kibao kikatoa harufu ya plastiki iliyoungua.

"Alikuwa amesimama nani?" Mkaguzi akanong'ona.

Mzee Ratiba hakuniangalia mimi. Aligeuka polepole na kiti chake, kofia mapajani, akamtafuta Mzee Ishara pale alipokuwa amesimama.

Hakuwepo pale. Alikuwa ameshafika mlango wa nje, mkono kwenye kitasa. Ila Shangazi alikuwa amemtangulia, amesimama mbele ya mlango na beseni lake, na ufunguo ameshautia kifuani.